Saini ya penseli

Jana usiku nilimaliza kusoma habari za anguko la ufalme wa Urusi, na kilichonikaa moyoni si Rasputin, yule mhubiri aliyekuwa karibu na familia ya kifalme na ambaye kila mtu humtaja, bali foleni za mkate za Petrograd, mji mkuu wa wakati huo. Nafaka ilikuwapo mashambani, lakini reli zilikuwa zimeelemewa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanawake wakaingia barabarani tarehe 8 Machi 1917, na siku chache baadaye askari walioamriwa kuwapiga risasi waandamanaji wakaasi. Mfalme Nicholas II, aliyejitwika uongozi wa jeshi mwaka 1915 na hivyo kubebeshwa lawama za kila kushindwa, aliachia kiti cha enzi ndani ya behewa la treni katika mji wa Pskov, baada ya majenerali wake wenyewe kumshauri aondoke, akatia saini kwa penseli.