Siku moja maishani mwangu: fundi wa kumalizia fanicha, Mbeya, mwezi wa sita

Saa 12 na nusu asubuhi. Nimeamshwa na baridi, sio alamu, waliowahi kukaa Mbeya mwezi wa sita wananielewa, miguu inakuwa kama umelala umeiacha mtoni. Kabla hata ya kunawa uso natoka nje kuangalia mlima Loleza. Ukionekana wote mpaka juu basi leo tunapuliza vanishi, ukiwa umejifunika ukungu mpaka kiunoni leo ni siku ya msasa tu. Leo unaonekana nusu, yaani nimeachiwa niamue mwenyewe, na siku za namna hii ndo huwa zinaniponza.

Mi kazi yangu ni kumalizia. Sikati mbao wala siungi, ofisini kwetu Mwanjelwa kuna mafundi wanaotengeneza vitanda, meza na makabati, wakimaliza wananisukumia mimi na dogo mmoja ninayemfundisha, kuanzia hapo ni msasa, steini (rangi inayozama kwenye mbao), sila (mkono wa chini wa kuziba mbao) na vanishi. Mteja akipita barabarani kinachomsimamisha ni kazi yangu, ila lawama nazo zinakuja kwangu hata kama ni kiungo ndo kimeachia.

Saa 1. Chai ya rangi, viazi vya kuchemsha vya jana vilivyopashwa. Makopo ya kliya, ile vanishi isiyo na rangi, kipindi hiki siyaachi ofisini, yanalala stoo ya nje hapa nyumbani nimeyaviringishia sweta langu la zamani, mke wangu anasema nayajali kuliko yeye. Ila sababu ipo. Vanishi ikipoa sana inakuwa nzito, inatoka kwenye bunduki ya kupulizia na vipele kama ganda la chungwa, sasa mafundi wengi wanachofanya ni kuongeza thina, kile kimiminika cha kuizimulia, mpaka iwe maji, matokeo yake unapuliza mara tatu na hakuna kitu kimebaki juu ya mbao. Mi naliweka kopo kwenye beseni la maji ya vuguvugu, linalainika lenyewe. Na sio karibu na jiko jamani, thina inashika moto kama petroli, mvuke wake tu unatosha kukuunguza.

Saa 2. Bajaji mpaka ofisini, nimefika dogo kashafungua. Swali langu la kwanza kwake kila siku ni lile lile, umemwaga maji? Kompresa inavyokandamiza hewa ile yenye unyevu wa hapa kwetu maji yanabaki chini ya tangi, usipofungua kile kikoki asubuhi yanapanda kwenye mpira na kutoka na vanishi, unakuta mlango wa kabati una madoa kama umenyeshewa. Kasema kamwaga. Nimefungua mwenyewe, yametoka nusu kikombe. Kacheka, mi sijacheka.

Saa 2 na nusu mpaka saa 4 na kitu ni msasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kazi yenyewe, watu wanadhani ni vanishi. Kuna meza ya chakula ya watu sita, mninga mtupu. Seremala kaipiga randa vizuri ila randa inaacha mawimbi, huyaoni kwa macho, unayasikia kwa kiganja ukifumba macho. Tunaanza na msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo ndo unakwaruza zaidi) pale penye mawimbi tu, alafu 120 juu yote, 180, tunamalizia 240. Dogo alishataka kuruka kutoka 80 kwenda 240 eti kuokoa muda, nikamwacha ajaribu kwenye kipande. Mikwaruzo ya 80 iko chini sana, 240 inaipolishi tu, haiitoi. Ukipaka steini ile mikwaruzo inakunywa rangi kuliko mbao nyingine na ndo unaona mistari kama kuku kaparua.

Ukitaka kujua kama umemaliza washa tochi ya simu, ilaze juu ya mbao iangaze kwa ubavu, sio kwa juu. Leo nimefanya hivyo kwenye kona ya meza nikaona vimduara vidogo vidogo vya mashine ya msasa vimejaa kama magamba ya samaki, na dakika moja nyuma nilikuwa nishasema tayari. Nimevifuata kwa mkono, kipande cha 240 kimefungwa kwenye kibao, nikifuata nyuzi za mbao sio kukata. Alafu nikapitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, vinyweleo vya mbao vikasimama, vilipokauka nikavipitia tena kwa mkono mwepesi. Vumbi la mninga linawasha pua na koo hatari, wengine linawaletea mpaka pumu, barakoa muhimu hata kama unaona noma.

Saa 4 na nusu. Mwenye meza kaja, mama mmoja mtu mzima wa Uyole, mcheshi sana ila akitaka kitu anakitaka. Kanionesha picha kwenye simu, meza nyeusi tii inayong'aa kama kiatu cha mwanajeshi, anataka yake iwe vile.

"Mama shikamoo, kaa kwanza hapa."

"Marahaba mwanangu, nisikae, niambie unaweza au huwezi."

Kuweza naweza. Ila mninga kuupaka weusi ni kama kuchukua mchele wa Kyela ukaumwagia binzari mpaka usinukie, si bora ungenunua mchele wowote tu. Sikumwambia hivyo. Nilichukua kitambaa cheupe nikakichovya kwenye thina nikafuta nusu ya meza. Mbao kavu iliyopigwa msasa inakuwa imepauka, kama mtu hajapaka mafuta, sasa ukiilowesha kwa thina kwa sekunde kadhaa inakuonesha sura itakayokuwa nayo chini ya kliya, kabla haijakauka. Ule upande ukaamka, kahawia ya asali yenye mistari myekundu inapanda na kushuka, na pale katikati kuna zunguko moja hivi la nyuzi. Mama akanyamaza. Akagusa. Thina ikakauka ikarudi kupauka, akaniambia, "hebu tena."

Basi tukakubaliana kliya bila steini. Akaniuliza hii nyeupe ya pembeni nini, nikamwambia ni nyama ya nje ya mti, mninga katikati ndo una rangi, huku nje ni mweupe, nitapitisha steini kidogo kwa brashi ndogo ifanane. Kilichobaki ni ubishi wa bei. Vanishi ya kawaida ya kukauka haraka ni rahisi, inapendeza, kwenye kabati au kitanda haina shida kabisa. Meza ya chakula ni habari nyingine, unatua sufuria ya ugali ya moto unakuta duara jeupe, maji yakikaa usiku kucha hivyo hivyo. Mezani mi napendekeza ile ya 2K ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ndo ukoo mmoja na ile wanayopulizia magari, ikishakomaa hata thina ya kawaida haiitoi kirahisi. Ubaya wake ni bei, na ukishachanganya hairudi koponi, unapima unachotumia tu, na mvuke wake sio wa kuchezea, ile barakoa ya kitambaa haisaidii, unatafuta ile yenye makopo ya chujio. Mama kalia bei robo saa. Kakubali, kaongeza na sharti isiwe ya kung'aa sana, iwe ya kufifia kidogo, eti asionekane anajionesha. Hapo nilifurahi kimoyomoyo, maana vanishi ya kung'aa inaanika kila kosa.

Saa 5. Umeme umekata. Yaani saa 5 mpaka saa 9 ndo masaa ya dhahabu Mbeya kipindi hiki, jua limetoka, hewa imekauka, na kompresa imelala kimya. Hakuna wa kumlaumu, tukahamia kwenye kazi za mkono.

Kulikuwa na kitanda cha paina kutoka Mafinga, bwana harusi mmoja anakisubiri, anataka rangi nyekundu ya mahogani. Paina ina tabia mbaya, inakunywa steini kwa ubaguzi, hapa inafyonza yote, pale inakataa, unapata mabaka kama shuka limemwagikiwa chai. Dawa yake ni kuipa sila nyepesi kwanza, mi naweka sila moja kwa thina tatu, inakauka, napitisha msasa 320 kwa kubembeleza, ndo steini inafuata kwa kitambaa. Rangi inakuwa hafifu zaidi ila inalingana. Yale macho ya mbao nayo yanatoa utomvu, niliyaziba toka jana kwa shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, bila hivyo baada ya miezi kadhaa utomvu unatokeza juu ya vanishi unanata.

Saa 7 na nusu tumekula. Makande.

Saa 9 na dakika umeme ukarudi. Tukapuliza sila kwenye kitanda, ikakauka, msasa tena, vumbi tukafuta, kushtuka saa 10 na nusu. Jua limeshaanza kupoa, na ule ubaridi wa jioni unashuka kutoka mlimani unaingia kwenye kola ya shati. Akili inaniambia acha mpaka kesho. Ila bwana harusi kapiga simu mara tatu leo, nikasema ngoja nipulize kichwa cha kitanda tu, kimoja.

Nimepuliza, kimetoka kioo. Nikaweka bunduki chini kujipongeza, nageuka naona kona ya kushoto inapauka, ukungu mweupe unasambaa ndani ya ule wekundu taratibu kama maziwa kwenye chai, dogo ananiangalia usoni na hasemi kitu. Thina inavyokimbia inachukua joto la mbao, uso unapoa kuliko hewa yenyewe, unyevu unatua juu kama jasho kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na unanasa humo humo ndani ya vanishi. Somo hili nimemfundisha dogo mwenyewe, mwaka huu huu.

Zamani ningepaniki nikapuliza nyingine juu, hapo ndo unaufungia ukungu ndani kabisa. Sasa hivi nauacha. Kesho jua likipanda napuliza thina tupu, ile inayochelewa kukauka, kavumbi tu kepesi, vanishi ya aina hii inalainika tena, unyevu unapata pa kutokea, weupe unaondoka.

Saa 12 na nusu jioni. Tumeosha bunduki kwa thina mpaka sindano, vile vitambaa vya vanishi ya mafuta tumevitandaza kwenye uzio wa mabati kimoja kimoja, haturundiki kwenye ndoo maana vikirundikana vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka. Meza ya mama imefunikwa, kesho ndo inapata mkono wa kwanza. Niko kwenye bajaji na makopo yangu mapajani, simu inaita meseji, bwana harusi.

"Fundi kitanda vp?"

"Kesho mchana kaka."

"Kesho ya kalenda au kesho ya fundi?"

Sijamjibu mpaka sasa. Asubuhi nitaangalia mlima kwanza.