Mlima mmoja, deni moja

Jana usiku nilimaliza kusoma Flight Behavior, riwaya ya Barbara Kingsolver iliyotoka mwaka 2012, na bado familia ile haijanitoka kichwani. Niliichukua kwa sababu ilisifiwa kuwa riwaya ya mabadiliko ya tabianchi. Nilichokuta ndani ni mkopo, wakwe, na mwanamke aliyeolewa akiwa bado binti kwa sababu ya mimba ambayo baadaye iliharibika.

Dellarobia anaishi na mumewe Cub na watoto wao wawili kwenye ardhi ya wakwe, huko milimani Tennessee. Siku moja anapanda mlima kwenda kuonana na mwanamume mwingine, miwani ameiacha nyumbani, na mbele yake anaona bonde zima linawaka moto usio na moshi. Ni vipepeo. Mamilioni ya monarch, ambao kila mwaka huenda kupitisha majira ya baridi kwenye misitu ya milima ya Mexico, safari hii wametua hapa. Waumini wanaona muujiza. Ovid Byron, mwanasayansi anayekuja kuwachunguza, anaona balaa, kwa kuwa baridi ya Tennessee inaweza kuwamaliza wote.

Wakati huohuo baba mkwe, Bear, ana deni linalomkaba koo, na ameshakubaliana na kampuni ije ikate miti yote ya mlima ule. Hapo ndipo kitabu kiliponishika. Darasani na mtoto wa Dellarobia yuko Josefina, ambaye familia yake ilipoteza kila kitu mlima ulipoporomoka huko Angangueo, Mexico. Vipepeo kuhamia Tennessee ni jambo la kubuni, lakini maafa ya Angangueo, Februari 2010, yalitokea kweli. Kwa hiyo familia iliyoachwa bila makao na maporomoko inasimulia kisa chake kwa familia inayojiandaa kuuacha mlima wake uchi. Kingsolver hapigi kelele. Anawaweka sebuleni tu, msomaji unabaki na donge kooni.

Kuna sehemu nimeirudia mara kadhaa. Mwanaharakati mmoja anamsomea Dellarobia orodha ya ahadi za kupunguza uharibifu wa mazingira. Nenda mgahawani na chombo chako cha kubebea mabaki. Dellarobia hajala mgahawani kwa zaidi ya miaka miwili. Punguza nyama nyekundu. Yeye anatafuta namna ya kuwaongezea wanawe nyama. Zima kompyuta usipoitumia. Kompyuta yenyewe hana. Mwisho kabisa: punguza safari za ndege. Niliweka kitabu chini nikakasirika kwelikweli, kwa sababu nimewasikia watu wengi wakihubiriwa hivyo, na wanaohubiriwa ndio hao wasio na cha kupunguza.

Tangu hapo nimeacha kumwona Cub kama mjinga. Anasema hali ya hewa ni kazi ya Mungu, na mwanzoni nilimchoka. Lakini huyu ni mwanamume anayeendesha lori la kokoto na kulala nyumba aliyojengewa na wazazi. Akimpinga baba yake juu ya miti, anapinga paa lililo juu ya kichwa chake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshawishi kwa grafu. Dellarobia alibadilika kwa sababu alipewa kazi na Ovid, akawagusa vipepeo kwa mkono wake, akahesabu waliokufa, na kwa mara ya kwanza mtu akamuuliza anafikiri nini.

Na hapo ndipo nina ugomvi na mwandishi. Dellarobia anafunguliwa mlango wa kwenda chuo. Cub je? Anaachwa palepale, mpole, mwaminifu, bila mtu aliyeketi naye kumweleza jambo taratibu. Hata Hester, mama mkwe mkali kama pilipili, anapewa siri inayotufanya tumwelewe. Cub naye alistahili walau sura moja ya kwake.