Kompyuta ya Shemeji na Mabishano ya Kundini
Wiki iliyopita, hapa Arua, Uganda, shemeji aliniletea kompyuta ya mezani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ambayo feni yake ilikuwa imeshiba vumbi jekundu hata ikikwaruza kama kinu. Nilipouliza katika kundi letu la WhatsApp niiwekee eneo-kazi gani (yaani sura ya madirisha na menyu) la Linux, ule mfumo endeshi wa bure, wapenzi wa eneo-kazi la GNOME waliwacheka wa Xfce, wa KDE wakawaita wote washamba, na hadi saa nne usiku hakuna aliyeuliza mashine yenyewe ina uwezo gani. Ugomvi huu si mpya: GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011 na kuacha sura iliyozoeleka, waliochukizwa waliliendeleza toleo la 2 kwa jina la MATE, na kwangu hilo ni jibu la heshima kuliko matusi. Nilichagua Debian, aina mojawapo ya Linux, pamoja na Xfce kwa kuwa ni nyepesi, nikasakinisha kwa flashi. Katikati umeme ukakatika, nikaanza upya. Sasa mashine inafanya kazi, ingawa kivinjari kikifunguliwa na video mbili hukwama, jambo ambalo si kosa la eneo-kazi. Shemeji anaandika ankara zake. Kundini bado wanabishana.