Mubirizi kwenye kompyuta: anza na erlotinibu

Mwanafunzi wa famasia wa Bukavu anayetaka kujua kwa kompyuta kama molekuli za mubirizi, mmea mchungu uitwao Vernonia amygdalina, zinaweza kuzuia protini ya kansa, asianze na mubirizi. Aanze na erlotinibu.

Hiyo ni dawa ya kansa ya mapafu, na umbo lake likiwa limekaa ndani ya EGFR, protini inayochochea seli kukua, liko wazi kwa wote katika Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini mtandaoni, namba 1M17. Jibu linajulikana tayari. Pakua faili, ondoa maji, toa erlotinibu, ongeza hidrojeni kwenye protini, kisha iache AutoDock Vina, programu inayokisia jinsi molekuli inavyokaa ndani ya protini, iirudishe dawa mahali pake. Kisanduku cha kutafutia kiwe angstromu 22 kila upande (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), katikati ya pale dawa ilipokuwa. Kiwango cha upekuzi (exhaustiveness) kipandishe kutoka 8 hadi 32. Dawa yenyewe ichukue katika faili ya aina ya SDF, inayoandika vifungo vya atomi: ile ya aina ya PDB haionyeshi vifungo maradufu, programu inavikisia, na mara nyingi inakosea.

Ikirudi ndani ya angstromu 2 za pale ilipokuwa, maandalizi ni mazuri. Ikizidi, tazama kwa macho kwanza. Mikono miwili ya erlotinibu inaning'inia kwenye maji na kuyumba, hivyo huharibu hesabu hata kiini kikiwa kimekaa sawa. Cha lazima ni naitrojeni ya kiini kushikana na Met769, yaani methionini, asidi amino ya 769 ya protini. Makala nyingine huiita Met793. Ni ileile, wamehesabu pia asidi amino 24 za mwanzo zinazokatwa.

Sasa mubirizi. Vernodalini, molekuli yake mojawapo, ina laktoni (pete ya atomi yenye oksijeni) yenye kifungo maradufu kilicho wazi, kinachoweza kuuma salfa ya sisteini, asidi amino ya protini, na kisiiachie. Vina haijui kuunda kifungo cha namna hiyo. Alama inayotoa, yaani makadirio ya nguvu ya kushikana (hasi zaidi ni bora), ikiwa dhaifu, haijasema lolote kuhusu uumaji huo. Tena meno hayohayo hukamata glutathioni, molekuli yenye salfa inayolinda seli, ambayo imo hata katika seli nzima zisizo na ugonjwa.

Molekuli kubwa nazo hudanganya kwa upande wa pili: hupata alama nzuri kwa ukubwa tu. Gawa alama kwa idadi ya atomi zisizo hidrojeni. Rutini, molekuli ya mimea, ina 43, erlotinibu 29.

Makadirio ya Vina kwa kawaida hupotoka karibu kilokalori 2.85 kwa moli, basi kuipanga -9.1 juu ya -8.7 hakuna maana. Inauma kusoma "dawa mpya ya kansa" juu ya tofauti kama hiyo, maana mgonjwa anaweza kuamini na kuacha matibabu.

Kwa kuwa umeme hukatika, kila molekuli iandike faili yake, na skripti iruke zilizokwisha. Zitakazobaki juu zipelekwe maabara, zijaribiwe kwenye seli za kansa na seli nzima kwa pamoja.