Gari langu lilikuwa linajua kwamba limezeeka

Mwalimu wa fizikia hapaswi kudanganywa na laptopu. Mimi nilidanganyika, Agosti 2023, katika garaji moja ya hapa Bukavu, na nikalipa dola 80 juu yake.

Gari lenyewe ni la mwaka 2004. Lilitoka Japani, likapitia Dar es Salaam, likanifikia na usukani upande wa kulia katika nchi ambayo magari yanapita kulia. Kila nikitaka kulipita lori, ni Mama Neema anayechungulia na kuniambia "pita" au "ngoja kwanza". Ndoa yetu imesimama juu ya maneno hayo mawili. Saa yake ilikuwa inaonyesha kilometa 214,000. Giaboksi, ambayo sisi huku tunaiita bwati, ni otomatiki ya vitesi (yaani gia) tano.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Asubuhi, likiwa bado baridi, lilipotoka vitesi ya pili kwenda ya tatu lilikuwa linapiga teke. Teke dogo, kama la mtoto anayeota mgongoni mwa mama yake. Likipata joto, linatulia. Nilikaa nalo hivyo miaka miwili, nikipanda Kadutu na kushuka Nyawera, bila kumwambia mtu. Kosa langu lilikuwa kumwambia mwenzangu wa shuleni, naye akanielekeza kwa kijana mmoja "wa kompyuta".

Kijana akachomeka kebo chini ya usukani, akasoma, akatabasamu.

"Mwalimu, hii gari haina ugonjwa. Ni programu tu iko ya zamani. Tunaiwekea mpya, inakuwa kama imetoka jana kiwandani."

Kama imetoka jana kiwandani. Maneno hayo ndiyo yaliyoninunua, na ndiyo hayo hayo yaliyokuwa na hatari yote ndani yake, ila mimi sikuyasikiliza vizuri.

Dalili ya kwanza niliiona mwenyewe nikainyamazia. Programu ya laptopu yake ilimwomba namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya 17. Yana namba yao fupi, herufi za modeli na tarakimu chache nyuma. Akaghairi, akafungua orodha, akashuka nayo kwa kidole, akachagua faili lililofanana na gari langu. Lililofanana! Bwati ya aina ile ile inaweza kuwa na mpangilio tofauti kulingana na injini, uwiano wa gia ya mwisho inayozungusha magurudumu, hata nchi gari lilikokusudiwa kwenda. Nilimwuliza kama amehifadhi programu ya zamani, ili tukikosa tuirudishe. Akasema kifaa chake kinaandika tu, hakisomi. Hapo ningechukua funguo zangu nikaenda nyumbani. Sikuenda.

Katika gari langu kompyuta ya injini na ya bwati ni moja. Uandishi ukikatika katikati, si kwamba vitesi vitapiga teke, ni kwamba gari halitawaka kabisa mpaka apatikane mtu wa kuifungua kompyuta na kuiandika upya mezani. Kwa hiyo batri lazima ishike nguvu mwanzo hadi mwisho. Kijana alikuwa ameunga chaja kwenye batri, chaja kwenye ukuta, na ukuta, kama mnavyojua, umeungwa kwa SNEL, shirika letu la umeme la Kongo.

Kwenye asilimia 61, umeme ukaenda.

Laptopu ilikuwa na chaji yake. Batri yangu ilikuwa na miaka mitatu. Kipimo kikasoma volti 12.3. Kisha 12.2. Swichi ikiwa imewashwa injini imezimwa, kila kitu ndani kinanyonya. Kijana akakimbilia nyaya za kuazima moto kutoka pikapu ya jirani, nami nikamshika mkono, kwa sababu kuunga batri nyingine wakati ule kungeweza kurusha mruko wa volti ndani ya kompyuta iliyo nusu imeandikwa. Ndipo nikaona taa ya dari inawaka. Mlango wangu ulikuwa wazi. Nikausukuma polepole kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, taa ikazimika. 12.1. Nikazima na redio, ambayo ilikuwa kimya lakini kioo chake kinang'aa. Asilimia 88. Volti 11.9. Hakuna aliyeongea. Ilipofika 100 kijana akapiga makofi, na mimi, aibu iliyoje, nikapiga pia.

Nikalipa. Nikaendesha mpaka nyumbani kwenye tambarare ndogo ya mtaa wetu na gari lilikuwa laini kama siagi.

Asubuhi ya pili, kwenye mlima, likitoka pili kwenda tatu, injini ilipanda sauti kama imetoka kwenye mnyororo, kisha tatu ikaingia kwa kishindo kilichomwangushia Neema daftari lake. Siku ya tatu, katikati ya mpando wa Kadutu, taa ya dashibodi ikaanza kupepesa na bwati ikakwama kwenye vitesi ya tatu. Hiyo ni namna yake ya kujilinda: kompyuta ikiona mambo hayaeleweki, inashika vitesi moja na kukataa nyingine. Kwenye barabara ya tambarare unafika nyumbani. Kwenye mlima wa Kadutu, na motari, wale wa pikipiki za abiria, wanakupigia honi kushoto na kulia, huondoki. Vijana watatu walitusukuma, na kila mmoja alikuwa na maoni kuhusu magari ya otomatiki.

Aliyenieleza kilichotokea hakuwa na laptopu. Ni fundi mzee wa kule juu Kadutu, ninamwita Muzee kama wote. Alivuta kijiti cha kupimia mafuta ya bwati, akayanusa, akanipa na mimi nikanuse: mahindi yaliyoachwa motoni. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo:

"Hii bwati ilikuwa inajua kama imezeeka. Mumeisahaulisha."

Nilirudi nyumbani na kulipima kwa fizikia yangu, na mzee yuko sawa. Ndani ya bwati mna sahani za klachi zinazobanwa na pistoni kwa shinikizo la mafuta. Sahani zikilika, pistoni inasafiri njia ndefu zaidi kabla ya kubana. Kompyuta inapima hiyo chelewa, vipande vidogo vya sekunde, na siku baada ya siku inaongeza kidogo: mafuta yaanze kuingia mapema kidogo, shinikizo lipande kidogo. Gari langu lilikuwa limejifunza hivyo kwa miaka. Lile teke la asubuhi lilikuwa mabaki tu, sehemu ambayo mafuta baridi yalikuwa yanaizidi ujanja. Programu mpya ilifuta mafunzo yote na kuweka hesabu za kiwandani, za sahani nene za 2004. Amri ikatoka kwa wakati wa ujana, miguu ikafika kwa wakati wa uzee. Katika hilo pengo sahani zinateleza, zinaungua, na mafuta yananuka mahindi.

Muzee alifungua karteri, lile bakuli la mafuta chini ya bwati. Sumaku zilikuwa zimeota tope jeusi laini, ambalo ni la kawaida, hakuna vipande vya chuma. Akasema tumeponea. Hakukubali kuyasukuma mafuta yote nje kwa mashine. Alimwaga yaliyotoka, lita tatu na nusu, kwa sababu mengine yanabaki ndani ya konvata, chombo kinachounganisha injini na bwati, akajaza mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kuniambia nirudi wiki inayofuata turudie. Tulifanya mara tatu.

Kisha likabaki kulifundisha upya. Utaratibu unataka mafuta yawe ya moto, mguu mwepesi, gari lipande vitesi vyote moja moja, lisimame, lirudie, kwenye barabara iliyonyooka. Barabara iliyonyooka, Bukavu! Mji huu ni milima iliyoangukia ziwani. Jumapili mbili nilienda mpaka upande wa Kavumu, ambako ardhi inapumzika kidogo, nikaenda na kurudi kama mtu aliyepoteza kitu. Mama Neema alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kwenye tatu alikuwa anafumba macho.

Sisemi programu mpya ni uchawi mbaya. Viwanda huzitoa kwa sababu maalumu, kwa mfano bwati inayotetemeka kwenye mwendo fulani, au isiyoamua kati ya vitesi mbili, na kama gari lako lina ugonjwa huo huo ulioandikwa, na faili ni lake kwa namba yake, sawa. Ila bwati ya kilometa 200,000 inayopiga teke asubuhi, mimi ningeanza na kijiti na pua. Mafuta ya lita kumi na nusu kwangu yalikuwa dola 120, ghali kuliko kazi ya laptopu, na ukiyamwaga unaona kwa macho kilichokuwa ndani.

Kijana alinipigia mwezi uliopita. Hana ubaya, tunasalimiana. Akasema kuna toleo jipya zaidi, kwa mimi atanifanyia 50. Nikamwuliza gari lake mwenyewe lina toleo gani.

"Yangu ni ya vitesi vya mkono, Mwalimu," akasema.

Teke la asubuhi lilirudi, dogo, mahali pale pale, pili kwenda tatu. Neema akilisikia sasa anasema limeamka.