Siku moja maishani mwangu: nakereza mitutu ya bunduki za shabaha, Ohio

Watu wa nyumbani wakisikia nafanya kazi kwenye karakana ya bunduki Marekani akili inaenda kwenye jeshi au majambazi. Hakuna anayewaza wazee wastaafu wamekaa mbele ya meza za zege wanabishana kuhusu milimita mbili, na ndo wateja wetu hao. Mchezo wenyewe unaitwa benchiresti. Bunduki huishiki begani kama kwenye sinema, unailaza mbele kwenye stendi na nyuma kwenye kifuko cha mchanga, unapiga risasi 5 kwenye karatasi iliyo yadi 100, kama mita 91 hivi, na hakuna anayejali umepiga katikati ya duara au pembeni, kinachopimwa ni matundu yamekaa karibu kiasi gani. Wanachukua yale mawili yaliyoachana zaidi, wanapima kati kwa kati, hiyo ndo grupu yako. Unapiga grupu 5, wanatafuta wastani, mwenye wastani mdogo kachukua.

Wengi mmeniuliza nafanya nini hasa siku nzima, basi hii ni ya wiki hii.

Saa 11 alfajiri

Chai ya rangi, simu mkononi, naangalia utabiri wa upepo kabla sijaangalia meseji za mtu yeyote. Leo wanasema upepo mwepesi ila unageukageuka kuanzia mchana. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni hali nzuri, kwangu mimi bora upepo mkali unaokaa upande mmoja kuliko mwepesi usiojua unakwenda wapi.

Njiani napita mashamba ya Waamishi (Wakristo wanaoishi kizamani, hawaendeshi magari) na farasi wao na mikokoteni, hapo unapunguza mwendo utake usitake. Huku kaskazini mashariki mwa Ohio benchiresti ina mizizi, uwanja wa Kelbly's upo North Lawrence, na yale mashindano ya Super Shoot yamefanyikia pale miaka mingi. Chama cha kwanza cha taifa cha mchezo huu, NBRSA, ni cha 1951, kwahiyo kuna wazee hapa wameanza kupiga kabla baba yangu hajaanza shule.

Saa 1 asubuhi

Nawasha mashine ya kukereza naiacha izunguke tupu. Chuma kikipata moto kinatanuka, spindo (ule mhimili unaozunguka) ya baridi na spindo iliyopata joto hazikupi kipimo kimoja, kwahiyo usianze kupima na mashine imeamka sasa hivi. Kukereza nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar, tulikuwa tunachonga shafti za mashine za kusaga na bushi za malori, na niseme ukweli kwenye mkono sijaongeza kitu kikubwa tangu pale. Kilichobadilika ni kipimo. Kule ukikosea kidogo unagonga na nyundo inaingia, maisha yanaendelea.

Hapa naingiza mtutu mpya kwenye kichwa cha mashine upite upande wa pili, kuna skrubu 4 mbele na 4 nyuma za kuusogeza, halafu nashusha kijiti kirefu cha dayo geji (kipimo cha sindano) mpaka ndani ya tundu. Nazungusha kwa mkono taratibu, naangalia sindano, nalegeza skrubu hii nakaza ile, nazungusha tena. Nataka sindano isicheze zaidi ya sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Hiyo ni kama maikroni 2.5, na unywele wa mtu ni maikroni 70 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kitu ambacho sikukijua kabla ya kuja huku: hakuna mtutu ulionyooka. Keekee ndefu ikitoboa chuma lazima ipotee kidogo, tundu linakuja na kapinda kake, hata kwenye blanki (mitutu ghafi) za dola mia nne na ushee. Kwahiyo hunyooshi, unachagua. Unahakikisha pale risasi inapoanza safari, kwenye koo la mtutu, pamekaa katikati kabisa, na mengine unayaacha yalivyo.

Saa 3 asubuhi

Rima ya chemba, yani kifaa cha meno kinachochonga pale risasi inapokaa. Hii ndo sehemu napenda watu wasiniongeleshe. Rima inaingia kidogo, inatoka, nafuta vumbi la chuma, mafuta, inaingia tena, inatoka. Chembe moja ya chuma ikibaki kwenye jino inachora mstari kwenye chemba na blanki imekwisha. Redio nazima, simu naiacha kwenye droo, bosi wangu (mzee wa miaka sabini na kitu, haongei sana) anajua akitaka kitu asubiri.

Risasi tunazochongea chemba karibu zote ni 6 PPC. Na hapa kuna jambo huwa nalisema kwa raha. Hii risasi waliitengeneza miaka ya 1970 watu wawili, Louis Palmisano aliyekuwa daktari wa upasuaji na Ferris Pindell fundi wa vifaa, P mbili za PPC ni majina yao. Walianzia kwenye ganda la .220 Russian, na hilo ganda limetokana na risasi ya 7.62x39, yani ile ya AK 47. Risasi ileile tunayoijua Afrika kwa habari mbaya, mjukuu wake ndo anatawala mashindano ya kulenga kwa usahihi kuliko yote duniani. Kale kaganda ni kafupi na kanene, baruti inakaa kwa mrundikano badala ya kuwa ndefu kama bomba, na wengi humu wanaamini inaungua kwa usawa zaidi risasi hadi risasi. Wanabishana kwanini. Kwamba inashinda hawabishani.

Mwisho namalizia mdomo wa mtutu, kwa sababu ndo kitu cha mwisho risasi inagusa kabla haijatoka. Nachukua kijiti cha pamba ya masikio, naingiza kidogo ndani navuta nje kuzunguka ukingo wote. Uzi mmoja wa pamba ukinasa, kuna kimakali, narudia. Leo haujanasa.

Saa 5 asubuhi

Anaingia mteja, mkulima kutoka Pennsylvania, kaendesha mwenyewe na bunduki yake kwenye kasha. Hata hajakaa: mtutu umekufa, nataka mpya. Ana haki ya kuwaza hivyo maana mitutu inakufa kweli, hizi za 6 PPC zikipita risasi elfu moja na kidogo watu wa mashindano wanaanza kuziangalia kwa jicho baya. Nikaingiza kamera ndani ya mtutu, inaonyesha mipasuko midogo kooni kutokana na moto, ya kawaida kwa umri wake. Utando wa kaboni hakuna.

Kaleta na shabaha zake za mwezi uliopita kwenye bahasha, mimi nikazipanga mezani moja baada ya nyingine. Grupu mbaya zote zimelala mshazari, zinaanzia juu kushoto zinashuka chini kulia, ukifikiria uso wa saa ya ukutani ni kutoka 10 kwenda 4. Mtutu uliochoka hauna nidhamu hiyo, unatupa popote.

Nikamwambia niachie mpaka jioni. Akanikata jicho, akaenda kula.

Saa 6 mchana

Wali na maharage kutoka nyumbani, maikrowevu. Nyumbani Tanga ni saa 1 usiku saa hizi kwahiyo ndo muda wa voisi noti. Mtoto wa dada: "Shikamoo anko, ile bunduki yako inaua tembo?" Marahaba mwanangu, haiui hata panya, ina risasi ya gramu 4 na nusu na kazi yake ni kutoboa karatasi. Akajibu na emoji ya huzuni. Nimemvunja moyo.

Saa 8 mchana

Natengeneza risasi za majaribio. Wachezaji wa huu mchezo hawanunui risasi za dukani, kila mtu anajaza zake, na wengi wanajaza palepale uwanjani kati ya raundi na raundi, maganda yaleyale kumi na kitu yanarudiwa siku nzima. Maganda ya huyu mzee mkulima ni mazuri, shingo kazikereza vizuri unene uko sawa pande zote, mikono yake haina tatizo. Baruti ni N133 ya Finland kama karibu kila mtu wa 6 PPC. Nikabadilisha darubini, nikafunga ya karakana maana darubini iliyolegea ndani inakudanganya kuliko kitu chochote, nikakaza skrubu za kitako, basi.

Sasa hapa ndo nitofautiane na wenzangu wengi wa karakana. Wao wanaamini kila tatizo lipo kwenye chuma au kwenye baruti, na naelewa, maana hivyo vinapimika na vinauzika. Mimi nakaa na dayo geji siku nzima na naona chuma kimeshafika mbali sana. Mac McMillan alipiga grupu ya inchi 0.009 mwaka 1973, risasi 5, matundu yamepandana umbali wa kati kwa kati haufiki robo milimita. Rekodi hiyo ikakaa miaka 40 mpaka Mike Stinnett alipopiga 0.0077 mwaka 2013. Miaka 40 ya mashine bora na mitutu bora na darubini bora, na walichopunguza ni kiasi ambacho macho yako hayakioni. Kilichobaki kikubwa kipo nje ya karakana na hakina skrubu.

Saa 10 jioni

Uwanja wetu mdogo upo nyuma. Nasimika bendera kati ya meza na shabaha, kila moja ina kishale, kimkia cha plastiki na kifeni kinachozunguka. Bolti imetoka kwenye bunduki muda wote nikiwa mbele kule, hiyo haina mjadala.

Triga ya hizi bunduki inavutika kwa gramu 57 hivi, ukipumulia vibaya imeshaondoka. Darubini inakuza mara 45 kwahiyo mazigazi juu ya nyasi yanaonekana yanachemka, shabaha inaogelea. Kuna karatasi mbili, ya chini ni ya kuonjea upepo, piga unavyotaka, ya juu ndo inahesabiwa, na kwenye mashindano una dakika 7 kwa yote.

Upepo kama walivyosema, mara kushoto mara kulia. Nikaamua nitapiga tu bendera zote zikielekea kulia na mikia imeinuka kiasi kilekile. Nasubiri. Kimkia cha bendera ya tatu kinashuka, naacha. Zinarudi zote, nafyatua, bolti, risasi, nafyatua, naenda haraka haraka kabla haijabadilika, mkono wa kushoto unalisha, wa kulia kwenye bolti. Tatu zimetoka hivyo. Bendera ya kwanza ikageuka, nikaacha kidole, nikasubiri mpaka nikasikia mgongo, zikarudi, mbili za mwisho.

Nikapima kwa venia kalipa (rula ya vipimo vidogo): inchi 0.19. Milimita 5 kasoro. Tundu moja la mviringo lenye mdomo uliochanika. Kwa mtutu uliokufa.

Saa 11 jioni

Karatasi nyingine. Safari hii nafanya makusudi: risasi mbili upepo ukitoka kushoto, tatu ukitoka kulia, sehemu ileile nalenga, sisogei hata kidogo. Ikatoka karibu nusu inchi, na imelala mshazari, 10 kwenda 4, ukiiweka juu ya zile za kwenye bahasha utadhani kapiga mtu mmoja.

Sababu ipo. Mtutu huu unazungusha risasi kuelekea kulia, na risasi inayozunguka hivyo ikisukumwa na upepo wa kushoto haiendi kulia tu, inaenda kulia na inashuka kidogo. Upepo wa kulia unaipeleka kushoto na kuipandisha. Upepo wa maili moja tu kwa saa, ule ambao hata moshi wa sigara unauona kwa shida, kwa yadi 100 unakusogezea risasi kama milimita 2. Sasa wewe mashindano unashinda au kushindwa kwa nusu milimita ya wastani. Houston miaka ya 1980 kuna jamaa walikuwa wanapigia ndani ya ghala kubwa usiku, hakuna upepo hakuna mazigazi, na huko ndo walijua bunduki zao ni nzuri kuliko walivyodhani.

Yani huyu mzee anaangalia bendera, sikatai, ila anaangalia ile ya karibu na meza peke yake, na upepo ukigeuka kule kati yeye hana habari.

Saa 1 usiku

Jua bado lipo, Juni huku halina haraka ya kuzama. Nasafisha mtutu, brashi, dawa, vitambaa mpaka kitoke cheupe. Bosi kaangalia karatasi mbili, kanyamaza, kasema mpigie wewe.

Mzee alikuwa hotelini anaangalia besiboli. Nikamweleza yote, 0.19, ule mshazari, bendera ya tatu, nikamtumia na picha. Akazikuza muda mrefu, nikawa nasikia tu televisheni. Akasema sawa kijana, nimekuelewa, bendera nitaongeza.

Halafu akauliza ile blanki inayozungusha risasi mara moja kila inchi 13.5, mnayo dukani?

Tunayo.

Basi niandikie jina, nitaufuata Agosti.