Siku moja maishani mwangu: nikisubiri mwanga uwake

Saa 1:15 asubuhi nafungua maabara yetu ya kupima TB, yaani kifua kikuu. Kwanza kipimajoto cha stoo: katriji, yaani vikasha vya plastiki ambamo kipimo hufanyikia, zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 28. Leo ni 26. Afadhali.

Saa 2:00, dirishani kuna mzee na kikopo chake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Nakiinua kikopo kwenye mwanga: mate matupu, yenye povu. Namwomba asukutue mdomo, aende nje uwanjani penye upepo, avute pumzi ndani kabisa mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani. Anarudi na makohozi mazito ya njano. Hapo ndipo kipimo kinapoanzia, na sitachoka kulisema hili.

Saa 2:50, barakoa ya N95 usoni, mikono ndani ya kabati la usalama. Sehemu moja ya makohozi, sehemu mbili za dawa ya kuyeyushia, tikisa, dakika 15. Yanalainika mpaka yanamiminika kama maji. Mililita 2 kwenye katriji, katriji kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya bakteria wa TB.

Ndani ya katriji mna vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maalumu, vimejikunja kama pini ya nywele. Ncha moja imebeba rangi inayong'aa, ya pili imebeba kitu cha kuizima. Zikikaa karibu ni giza. Kipande kikikutana na DNA ya bakteria wa TB inayolingana nacho, kinakunjuka na kuishika, ncha zinaachana, rangi inawaka. Sanjay Tyagi na Fred Kramer walivieleza vitambuzi hivi mwaka 1996, na mimi bado navistaajabia kila siku. Mashine inanakili DNA hiyo kwa mizunguko, na kila mzunguko inaongezeka karibu maradufu, kwa hiyo mwanga ukiwahi kupanda, bakteria ni wengi. Ukichelewa, ni wachache. Mwishoni mashine inapasha joto polepole. Jeni ya bakteria iitwayo rpoB ikiwa imebadilika, vitambuzi huiachia DNA kwenye joto tofauti na lile la kawaida, nasi tunajua rifampisini, dawa kuu ya TB, haitafanya kazi.

Saa 4:05 umeme umekatika. Betri ya akiba imeshika dakika sita tu, kipimo kikafa katikati, katriji ikapotea bure. Inaniuma, maana mzee yuko kwenye benchi tangu asubuhi. Mchanganyiko ulibaki wa kutosha. Saa 4:40 umeme umerudi, naanza upya.

Saa 6:00 majibu: TB ipo, kwa kiwango cha chini, usugu wa rifampisini haupo. Kwa hadubini pengine tungemkosa, kwa sababu inahitaji maelfu ya bakteria kwenye kila mililita. Napeleka majibu kliniki mwenyewe, kwa miguu.

Saa 8:30 mzee anapita dirishani na mfuko wa dawa. Kesho ataleta wajukuu wawili wanaolala naye chumba kimoja. Mdogo hawezi kutoa makohozi, kwa hiyo tutapima choo chake badala yake: nimempa mzee kikopo cha kukiwekea, nikaandika jina la mtoto juu yake.